Mwenye Nyumba wa Jipsamu

Asubuhi ya Jumanne, Hasna binti Chande alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama yake, Ujiji, akimkwangua mdoli ubavuni kwa kisu butu. Mdoli wa kumimina hutoka kwenye kalibu akiwa na mshono unaomzunguka mwili mzima, kuanzia utosini, ukapita sikioni, ukashuka hadi kisiginoni na kurudi juu kwa upande wa pili, kwa sababu kalibu ina vipande viwili na vipande viwili havijawahi kukutana sawasawa. Kazi ya Hasna ilikuwa kuuondoa mshono huo mpaka mtu asijue kwamba mdoli aliwahi kuwa nusu mbili. Akishakwangua anapitisha msasa mkavu, kisha msasa laini, kisha sponji yenye maji kidogo. Vitundu vilivyoachwa na hewa anaviziba kwa uji wa jipsamu, akitumia ncha ya njiti ya kiberiti. Halafu anamwanika.

Mumewe, Gharib, ndiye aliyekuwa anamimina. Gharib alikuwa fundi wa dari za jipsamu kwa miaka kumi na mmoja, na sebule nyingi za Kigoma mjini zina maua yake juu ya taa, mpaka siku alipoanguka kutoka jukwaani akaapa kwamba hatapanda tena kitu kirefu kuliko kitanda. Jipsamu ilimjia kwa treni kutoka Itigi, ndani ya mifuko, akaona ni dhambi kuiacha ilale. Kumimina mdoli ni kazi ya nusu saa. Kumsafisha ni kazi ya siku mbili. Mtaani tuliiita midoli ya Gharib.

Nasema tuliiita kwa sababu na sisi tulikuwepo. Baraza ile ina kivuli kizuri kuanzia saa tatu asubuhi, na sisi majirani ni watu wenye shughuli nyingi ambazo zote zinaweza kungoja. Tulikaa pale, tukanywa kahawa ya Hasna, tukamwelekeza namna pua ya mdoli inavyotakiwa kukaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsaidia kushika msasa.

Mdoli wa Jumanne hiyo aliagizwa na mwalimu mmoja wa kijiji jirani cha Simbo, Bi Rozalia, kwa ajili ya binti yake aitwaye Happiness. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na sikio lake la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Bi Rozalia alimrudisha. Hasna akalisugua sikio, Bi Rozalia akamchukua, akamrudisha tena, sasa la kulia ndilo kubwa. Walikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Mwishowe Bi Rozalia alisema basi, mtoto amekua, sasa anataka simu. Mdoli akabaki barazani, na kwa kuwa jina lilikwisha andikwa chini ya unyayo, aliendelea kuitwa Happiness.

Ni katika mwaka huo wa masikio ndipo mistari ya vidole vya Hasna ilipohamia kwa mdoli. Kilianza kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hasna alimaliza kupiga msasa, akamgeuza mdoli kwenye mwanga, akaona kwenye kidole cha mdoli mistari myembamba ya duara, imepangika vizuri, na cha kwake mwenyewe kimekuwa laini kama kijiko. Alimwonyesha Gharib. Gharib akavaa miwani.

"Unabonyeza sana," akasema. "Msasa haubonyezwi, mke wangu. Unapitishwa tu."

Hasna akapunguza kubonyeza, lakini mistari iliendelea kuhama, kidole baada ya kidole. Siku ilipohama ya dole gumba la kulia, ambayo ilikuwa ya mwisho, mdoli alifumbua macho akasema, "Shikamoo, mama." Hasna alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni. Akaitikia marahaba kwa pembe ya mdomo, akaendelea kuziba vitundu vya mdoli mwingine.

Sisi tulifurahi. Happiness aliamkia kila aliyepanda baraza, bila kuambiwa, na watoto wa siku hizi unawajua.

Mwezi wa saba gari la matangazo likapita mtaani. Viwanja vyote vinapimwa upya, likasema, na kila mwenye nyumba awe na namba ya kitambulisho kabla ya tarehe thelathini. Kiwanja ambacho mwenyewe hatakuwa na namba kitaandikwa eneo la wazi, kisubiri matumizi mengine. Gari likapiga muziki kidogo, likaenda mtaa wa pili.

Nyumba ile aliijenga babu yake Hasna, mzaa mama. Mama yake alizaliwa kwenye chumba cha uani, na Hasna naye alizaliwa kwenye chumba hichohicho, na mama alipofariki hakuacha mtoto mwingine. Hasna hakuwa na kitambulisho kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye ni nani. Gharib hakuweza kumsaidia. Ombi lake mwenyewe lilikuwa kwenye uchunguzi kwa mwaka wa nne, kisa bibi yake mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, aliyekufa kabla watu hawajajua redio.

Hasna akachukua cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na kadi ya kliniki ya marehemu mama yake, akavaa dera jipya, akaenda mjini kwenye ofisi ya kuandikisha watu. Dirishani alimkuta kijana aitwaye Wilfred, mpole, shati limenyooka. Wilfred alimwamkia vizuri, akazisoma karatasi zote, hata nyuma. Kisha akauliza, "Mama, babu yako mzaa mama alizaliwa wapi?"

Hapa inabidi nieleze ugonjwa wetu. Mtu wa Ujiji ukimwuliza wazee wake walikotoka, yeye hasikii swali. Anasikia amekaribishwa kusimama. Kwenye harusi zetu hakuna chakula kinachoguswa mpaka mzee wa upande wa bibi harusi asimame aseme ukoo umetoka wapi, na kadiri ulivyotoka mbali ndivyo unavyoheshimiwa. Walioanzia karibu hukaa nyuma, karibu na masufuria. Mimi mwenyewe ukoo wangu kwa kila harusi husogea mbele kidogo. Mara ya mwisho tulikuwa tumeshafika Maskati.

Kwa hiyo Hasna alikaa vizuri kwenye kiti, akatengeneza mtandio.

"Sisi ni Wamanyema wa Kabambare," akasema. "Babu alizaliwa kulekule. Alivuka ziwa akiwa amebebwa mgongoni, na baba yake alitangulia mbele na ngoma tatu."

Aliendelea kwa dakika ishirini. Alitaja vijito walivyovuka. Alimtaja mjomba mmoja aliyejua lugha tano, akasisitiza kwamba hata moja haikuwa ya upande huu. Wilfred aliandika yote kwa herufi kubwa.

"Kwa hiyo ninyi asili yenu ni ng'ambo," akasema.

"Ng'ambo kabisa!" akajibu Hasna, kwa fahari.

Kisha Wilfred akamwomba aweke vidole kwenye mashine. Aliweka vinne, vikafutwa kwa kitambaa, akaweka tena, akaweka vingine vinne, akaweka madole gumba. Kioo cha mashine kilibaki cheupe.

"Mama, vidole vyako havina mtu," akasema Wilfred kwa masikitiko. "Lete vidole vinavyosomeka. Na kuhusu babu, faili litakwenda kwenye uchunguzi."

Alirudi nyumbani akatusimulia, nasi tukampongeza. Tulisema amewakilisha. Mimi nilimlaumu kidogo kwa sababu ngoma zilikuwa nne, sio tatu, na hiyo ya nne ndiyo ilikuwa kubwa. Tulibishana juu ya ngoma mpaka adhuhuri, na ni jirani wa ukuta, Bi Kuruthumu, aliyekuja kuazima kinu, ndiye aliyetusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwani da Hasna, umekwenda kuomba kitambulisho au kuposa?"

Sote tukamgeukia Hasna.

"Umejiandikisha Mkongo, mwanamke," akasema Kuruthumu. "Na nyumba wataichukua."

Hasna akajipiga kofi la mdomo. "Mdomo huu," akasema. "Ningeuacha nyumbani ukalinda nyumba." Alicheka, halafu akalia, na Gharib akaenda kukoroga jipsamu isiyokuwa na kazi.

Vidole angalau vilikuwa na dawa. Kesho yake Hasna alimfunga Happiness kwenye kanga, akapanda naye bajaji hadi mjini, akamweka juu ya kaunta ya dirisha lilelile. Alimweleza Wilfred kwamba vidole vyake ndivyo hivi, vilihamia huku kwa sababu ya msasa. Wilfred aliona ni jambo linaloeleweka. Akavichukua vidole vya mdoli, kimoja kimoja, akaviweka kwenye kioo, na mashine ikalia mara kumi bila kukosea.

"Safi sana," akasema Wilfred. Akavuta fomu mpya. "Jina?"

"Shikamoo. Happiness," akasema mdoli.

"Marahaba. Asili yako ni wapi?"

"Itigi."

"Itigi hii ya Singida?"

"Ndiyo. Nilikuja na treni."

Kwa mara ya kwanza Wilfred alitabasamu. Mkewe ni mtu wa Manyoni, karibu na Itigi. "Babu yako ni nani?"

"Mwamba."

"Alishawahi kuishi nje ya nchi?"

"Hajawahi kusogea."

Wilfred aliandika. Aliuliza kama ana ndugu ng'ambo, mdoli akasema ndugu zake wote walikuwa kwenye mfuko mmoja. Aliuliza umri, mdoli akasema huko mwambani hakuhesabu, Wilfred akaandika: mtu mzima. Hakukuwa na swali lililobaki. Picha ikapigwa, na kwa kuwa mtambo siku hiyo ulikuwa na mtandao, kadi ikatoka kabla ya saa saba ikiwa bado ya moto.

"Na mimi?" akauliza Hasna.

"Wewe mama faili lako liko kwenye uchunguzi."

"Vidole hivyo ni vyangu, mwanangu."

"Najua mama, umenieleza. Lakini mashine imevisoma ni vyake." Alisema kwa upole, na pale mlangoni akamsaidia kufunga kanga vizuri ili mdoli asianguke.

Njiani kurudi Hasna alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata kwa mtu. Alimshika Happiness mguu mmoja, kichwa chini, nje ya bajaji, na kwenye mteremko wa Mwanga alikaribia kabisa kumwachia kwenye mtaro. Kisha akaliona lile sikio. Mwaka mzima wa maisha yake ulikuwa kwenye lile sikio. Akamrudisha mapajani, akamfuta vumbi, na mdoli akasema ahsante.

Tarehe ishirini na tisa watu wa upimaji wakafika. Aliyewaongoza aliitwa Meshack, alikuwa na kofia ya njano na alikataa kahawa, jambo lililotutia wasiwasi. Alipima kuta, akasimama mlangoni na kalamu.

"Namba ya mwenye nyumba," akasema.

Hasna alimtazama Gharib. Gharib aliangalia dari ya baraza, ambayo aliipamba yeye. Sisi tuliangalia vikombe vyetu. Kila mtu pale alijua kwamba akisema hana, kesho nyumba ya babu itakuwa eneo la wazi. Hasna akaingia ndani, akatoka na Happiness, na mdoli akatoa kadi kwenye mfuko wa gauni.

Meshack aliinakili namba, akaikagua kwenye simu, akaandika: *Mmiliki: Happiness Mwamba, wa Itigi.* Chini yake palikuwa na nafasi ya wakaaji wengine. Aliwaandika Hasna na Gharib, wanaoishi kwa idhini ya mwenye nyumba, wanaopaswa kubisha hodi kabla ya kuingia. Akamwomba Hasna aweke dole gumba. Dole liliacha doa la wino la duara, halina kitu ndani.

"Mkaaji akipata kitambulisho chake ndani ya siku tisini, umiliki unaweza kuhamishwa," akasema Meshack. "Baada ya hapo ni moja kwa moja."

Nyumba ilikuwa imepona. Tulipiga makofi. Hasna naye alipiga, kisha akaangalia mikono yake kama imekosea.

Sisi wengine, ambao pia tulikuwa na wazee kutoka mbali na tuliokwisha kuyaeleza hayo yote dirishani kwa sauti kubwa, tuliona njia. Usiku huohuo nilijigundua nina kiu ya kufanya kazi. Asubuhi tulikuwa watu kumi na mmoja barazani, kila mmoja na mdoli wake na kipande cha msasa, tunasugua. Mzee Mwinshehe, imamu mstaafu, alisugua mpaka mdoli wake akapoteza kidevu. Hasna alipita kati yetu akisema, "Msibonyeze," halafu akikumbuka shida yetu ilivyo, akisema, "Haya, bonyezeni." Wa kwangu alipata mistari yote kumi kwa wiki tatu, ndani ya mwezi wa nyongeza ambao gari la matangazo lilikuja kuutangaza. Nilimpindisha pua wakati wa kumkwangua, hajanisamehe, na sasa yeye ndiye mwenye nyumba yangu kihalali. Hapendi nisikilize mpira baada ya saa mbili. Tumezoeana.

Hasna hakuzoea. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili katika zile tisini wakati barua ilipokuja kumwita kwa mahojiano ya pili, na safari hii, barua ikasema, mwombaji mwenye vidole visivyosomeka anaruhusiwa kupigwa picha ya jicho. Basi kilichobaki kilikuwa babu.

Bi Kuruthumu akachukua usukani. "Babu alizaliwa Simbo," akasema. "Alilima mihogo Simbo, akafa Simbo. Ukimaliza hapo funga mdomo."

Tulimfundisha siku tatu. Mimi nilikuwa Wilfred. Niliuliza babu yako alizaliwa wapi, naye akajibu Simbo, nikauliza kwa ghafla wakati anamenya ndizi, akajibu Simbo, nikamwuliza anapotoka kusali, Simbo. Mara mbili mimi mwenyewe nilijisahau nikaanza kumweleza habari za Maskati, Kuruthumu akanitoa nje. Kufikia Alhamisi Hasna alikuwa amelishika neno hilo kiasi kwamba lilitoka lenyewe, halina hata babu ndani yake.

Ijumaa alikwenda. Dirishani alikuwepo Wilfred, na jicho la Hasna likasomwa mara moja. Wilfred akafungua faili, akalilaza mezani.

"Hapa kulikuwa na maelezo marefu," akasema. "Tuyaache. Nakuuliza upya, mama. Babu yako mzaa mama alizaliwa wapi?" Alikuwa ameshaweka kalamu kwenye mstari. Baadaye Hasna alituambia kwamba yule kijana alikuwa anamwombea. Aliona midomo ya kijana imejikunja, kama inamtangulia kutamka Simbo au kijiji chochote cha upande huu.

Simbo ilikuwa tayari mdomoni. Hasna alikuwa na miaka sita babu alipokuwa anamshika mkono, siku mvua ikishakatika na hewa imetakata, wanashuka hadi majini, milima ya upande wa pili inaonekana wazi kabisa, naye anamwonyesha kwa fimbo na kumtajia vijiji vya huko, kimoja kimoja, vingine akivirudia ili avishike. Simbo babu alikwenda mara moja, kununua mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikufa njiani.

"Kabambare," akasema Hasna. Hakutengeneza mtandio, wala hakutaja ngoma. "Alizaliwa Kabambare. Amezikwa hapa."

Wilfred aliinua kalamu, akaiangalia ncha yake. Kisha akaandika. Akalifunga faili, akaliweka juu ya mafaili mengine, yaliyokuwa mengi, akasema, "Utajulishwa, mama."

"Kabla ya siku tisini kwisha?"

"Utajulishwa."

Alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba saa kumi alasiri. Tulikuwepo wote barazani na midoli yetu, na kwa uso wake tulijua, na mimi niliyejifanya Wilfred kwa siku tatu niliinamisha macho. Bi Kuruthumu, aliyekuwa tayari kumgombeza, akasogea ampishe njia. Gharib akainuka kumpokea mkoba. Mlango ulikuwa umerudishwa. Hasna alisimama mbele ya mlango ule aliozaliwa nyuma yake, mgongo umenyooka, akapiga hodi.

Ndani zikasikika hatua, moja moja, kwa sababu miguu ya jipsamu haina haraka.

"Karibu," akasema Happiness.

Hasna akavua kandambili, akaingia.